Raifo na risasi za kuwindia nguruwe pori: mwongozo kamili kwa wawindaji wa Nyanda za Juu Kusini

Swali la kwanza la wengi ni "kaliba gani?", yaani bunduki ya mtutu na risasi za ukubwa gani. Mimi naanza na umbali. Huku kwetu, kuanzia mabonde ya Rungwe hadi misitu ya Mufindi na kingo za Udzungwa, nguruwe pori hakupi nafasi ya kumlenga ukiwa mita 300. Hutokea ukingoni mwa msitu alfajiri au jua linapozama, mita 40 hadi 80 kutoka ulipo, akasimama kidogo kunusa hewa, kisha akatoweka. Bunduki inayokufaa ni ile utakayoileta begani haraka na kuipiga vizuri kwa umbali huo. Risasi inayokufaa ni ile inayoingia upande mmoja na kutokea wa pili. Ukilishika hilo, nusu ya ubishi wa kaliba unakwisha wenyewe.

Mjue mnyama

Tuna nguruwe wa porini wa aina mbili, na watu huwachanganya. Ngiri hupenda mbuga wazi, hutembea mchana na kulala mashimoni, na akikimbia husimamisha mkia. Nguruwe pori ni mtu wa msitu na vichaka. Ana manyoya marefu na singa mgongoni, masikio yenye ncha, na mara nyingi uso wenye rangi nyeupe au kijivu. Huyu ndiye anayefukua viazi Rungwe na kulaza mahindi Kilolo. Mkubwa huwa na kilo 60 hadi 100, na wapo wanaozidi hapo.

Hutembea kwa kundi, akitangulia dume au jike mkubwa, na hula hasa usiku. Miezi ya baridi, Juni na Julai, jalidi inapotanda Makete na Njombe, huonekana zaidi mchana kuliko miezi ya joto. Ni nafasi nzuri kwa mwindaji anayefuata sheria, maana usiku ni mwiko, kama nitakavyoeleza.

Kwa mwindaji, jambo kubwa ni umbo lake. Moyo na mapafu viko mbele na chini, karibu kabisa na miguu ya mbele. Aliyezoea swala akalenga nyuma ya bega, kwa nguruwe hujikuta amepiga ini au tumbo. Halafu ana mafuta na ngozi nene ambavyo huziba tundu la risasi, kwa hiyo damu hubaki ndani. Anaweza kukimbia mita 100 ndani ya miiba bila kudondosha tone. Ndiyo maana nasisitiza risasi itokeze: tundu la kutokea ndilo litakalokuonyesha njia.

Vibali kabla ya duka la bunduki

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwe na leseni ya kuwinda, inayotaja mnyama na eneo. Anza kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yako. Muulize mambo manne: msimu uko wazi lini, eneo gani limeruhusiwa, kaliba ya chini inayokubaliwa ni ipi, na ada ni kiasi gani. Hayo hubadilika kwa kanuni, usichukue majibu ya kijiweni. Hifadhi za Taifa za Kitulo, Ruaha na Milima ya Udzungwa usiziguse kabisa. Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere lina mamlaka yake, TAWA. Msitu wa hifadhi wa TFS, wakala wa misitu wa Serikali, nao una mwenyewe hata kama hauna uzio.

Bunduki iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Polisi ndio wenye mamlaka. Maombi hupitia ngazi za chini, ambako majirani na viongozi wanakufahamu, kabla ya kupanda juu. Leseni hutolewa kwa mtu fulani na silaha fulani. Kuazima raifo ya shemeji "kwa siku moja tu" ni kosa kwako na kwake. Gobore la urithi lisilo na kibali liachwe, na silaha za kivita zisitajwe kabisa.

Kuna makatazo ambayo yanagusa moja kwa moja uchaguzi wa bunduki. Sheria inakataza kuwinda usiku, na inakataza kummulika mnyama kwa taa. Inakataza pia bunduki inayojijaza yenyewe kila unapovuta kifyatulio. Kwa hiyo achana na darubini za usiku, kurunzi za kufunga kwenye mtutu, na raifo za kujijaza. Fedha hiyo inunue risasi za mazoezi.

Mkulima anayeharibiwa shamba naye asijichukulie sheria mkononi. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wanyamapori, waje askari au wamwelekeze. Mnyama akiuawa katika kulinda mazao lazima itolewe taarifa, na nyama yake ni mali ya Serikali. Mtu anayekutwa na nyamapori bila karatasi anashtakiwa kwa nyara za Serikali, na si kesi ndogo.

Pima umbali wako halisi

Kabla ya kununua chochote, nenda eneo uliloruhusiwa ukiwa mikono mitupu. Tafuta njia zao, alama za kwato, matope waliyogaagaa, udongo uliofukuliwa. Simama mahali ambapo ungejificha, kisha hesabu hatua hadi pale watakapotokea. Katika vichaka vya mianzi na misitu ya mvua ya Rungwe utapata mita 30 au 40. Ukingoni mwa mashamba ya chai Mufindi, au kwenye mabonde yaliyolimwa Kilolo, utapata 80 hadi 120. Nyanda za nyasi huweza kukupa 150. Andika namba hiyo, ndiyo itakayochagua bunduki.

Tazama pia kilicho nyuma ya mnyama. Huku ni milimani, na juu ya kila kilima kuna njia ya mtu: wachuma chai, watoto waendao shule, wachoma mkaa. Risasi ya raifo ikikosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Ukae mahali ambapo nyuma ya mnyama pana kingo ya udongo, upige kuelekea chini ya mteremko. Mnyama akisimama juu ya mstari wa kilima na mbingu nyuma yake, hupigi, hata awe mkubwa namna gani.

Aina ya bunduki

Raifo ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, ndiyo ninayomshauri kila mtu. Ni rahisi kusafisha, hustahimili matope, haina mambo mengi ya kuharibika, na iko salama upande wa sheria. Mtutu wa sentimita 50 hadi 56 unatosha. Mrefu zaidi ya hapo hunasa kwenye matawi kila unapogeuka.

Shotgani namba 12 inafaa mahali pamoja tu: msitu mzito ambapo huoni zaidi ya mita 40. Hapo tumia risasi moja nzito, ile donge la gramu 28. Lina nguvu ya kutosha hadi mita 50, na mwenye mazoezi na alama nzuri za kulengea hufika 70. Marisau makubwa, yaani punje nyingi zinazotoka kwa mpigo mmoja, nayapa mita 25, si zaidi, na hata hapo siyapendi, kwa kuwa hutawanyika na kumjeruhi mnyama wa pili katika kundi. Marisau madogo ya ndege ni ukatili. Yanamwachia nguruwe vidonda vya kuoza siku nyingi kabla hajafa.

Kitako kikubane vizuri begani. Shika raifo, funga macho, ipandishe begani, fungua macho: jicho likute alama au darubini bila kunyoosha shingo. Wauzaji wengi hawakuambii ujaribu hivyo, wewe jaribu. Kitako cha plastiki ngumu kinavumilia mvua kuliko cha mbao. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mbao ikifyonza maji huvimba, ikausukuma mtutu na kuhamisha shabaha.

Kaliba

Nazipanga kwa namna zinavyofaa hapa kwetu, si kwa sifa za kwenye matangazo.

.22 ndogo ni ya mazoezi. Usimpige nayo nguruwe kamwe. .223 nayo ni nyepesi: kichwa chake cha kawaida, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, cha gramu 3.6 hukimbia sana, lakini kikikutana na mfupa wa bega la dume huweza kuvunjika kabla ya kufika moyoni. Najua wapo wanaoitumia nchi nyingine. Huko wanaona mbali na wanapiga wengi kwa siku. Wewe una nafasi moja na kichaka mbele yako.

.243 Winchester yenye kichwa cha greni 100, yaani gramu 6.5, ndiyo ya chini ninayoikubali. Teke lake begani ni dogo, inamfaa mwembamba au anayeanza, ilimradi risasi iwe imara na mpigaji awe mvumilivu wa kungoja nguruwe asimame ubavu kamili.

Moyo wa jambo uko kwenye .308 Winchester na .30-06. Ya kwanza ilitoka mwaka 1952, ya pili ni ya mwaka 1906, na tofauti yao kwa mita 80 hutaiona. Zote mbili hubeba vichwa vya greni 150 hadi 180, gramu 9.7 hadi 11.7, na hutoka mtutuni kwa karibu mita 800 kwa sekunde au zaidi. Ukiniuliza nichague moja, nitachukua .308. Teke lake ni dogo kidogo, raifo zake huwa fupi, na risasi zake ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi duniani. .270 na 7x57 ziko kundi hilohilo. Kama tayari una mojawapo, usiiuze.

Kisha kuna 9.3x62, ambayo naiheshimu sana. Iliundwa mwaka 1905 na fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya watu waliokuja kuishi Afrika, wakati nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani. Kichwa cha greni 286, gramu 18.5, huenda polepole, kama mita 720 kwa sekunde, hupenya kwa kina na haiharibu nyama kama kaliba za mbio. Kwa vichaka ni bunduki tamu. Taabu ni kupata risasi na bei yake. Ulizia kwanza kwa muuzaji mwenye leseni kama ana uhakika wa kuzileta, ndipo ufikirie raifo.

.375 H&H ya mwaka 1912 inaua nguruwe bila shaka, lakini ni ya nyati. Teke lake humfanya mpigaji afumbe macho kabla ya kuvuta, na risasi iliyovutwa macho yamefumbwa haina kaliba. Kama unayo kwa kazi nyingine, itumie. Usiinunue kwa ajili ya nguruwe.

Risasi: hapa ndipo pa kutumia fedha

Raifo ya bei ya kati yenye risasi nzuri inaishinda raifo ya kifahari yenye risasi mbaya. Soma boksi: limeandikwa kaliba, uzito wa kichwa kwa greni, na aina ya kichwa. Kaliba ilingane herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu na ile iliyochongwa kwenye mtutu. Kuna risasi zinazoingia chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) isiyo yake na kupasua bunduki usoni mwa mtu.

Aina ya kichwa ndiyo inayoamua. Vile vya koti gumu lililofunika kila mahali, kama vya jeshini, usivitumie: hupita kwa tundu dogo, mnyama hukimbilia mbali kufa, na vikigonga jiwe huruka kusikojulikana. Vya ncha laini, vyenye madini ya risasi wazi mbele, hutanuka ndani ya mnyama na kuua haraka. Hivyo ndivyo vya kawaida na bei yake inavumilika. Chagua vizito vya kaliba yako: greni 165 au 180 kwa .308 na .30-06, badala ya vyepesi vya mbio ambavyo kwa mita 40 hufumuka mapema. Bora zaidi ni vile ambavyo koti na kiini vimeunganishwa visiachane, au vya shaba tupu. Hubaki na karibu uzito wao wote, huvunja bega na kutokea upande wa pili.

Shaba tupu ina faida nyingine. Risasi ya madini ya risasi huacha chembe ndogondogo katika nyama, mbali na tundu lenyewe, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Tumbusi wanaokula utumbo ulioachwa porini nao hufa kwa sumu hiyo. Ukitumia risasi ya kawaida, kata nyama kwa upana kuzunguka jeraha, uizike.

Nunua maboksi kadhaa ya toleo moja, kwa kiwango ambacho kibali chako kinaruhusu. Kila mtutu una risasi inayoupenda. Aina mbili za uzito uleule zinaweza kugonga sentimita 8 mbalimbali.

Darubini, kisha shabaha

Kwa umbali wetu darubini ya kukuza mara 1 hadi 6, au 2 hadi 7, inatosha kabisa. Iache kwenye namba ya chini unapotembea. Nguruwe akitokea mita 25 huku umeikuza mara 9, utaona manyoya tu na hutajua ni bega au paja. Lenzi safi inayokusanya mwanga wa alfajiri ni muhimu kuliko ukuzaji. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye darubini, la sivyo teke litakupasua nyusi.

Kulenganisha darubini na mtutu fanyia mahali palipoidhinishwa, ukiwa na vizibo vya masikio. Egemeza raifo kwenye mfuko wa mchanga, usiuegemeze mtutu wenyewe. Anza mita 25: risasi igonge sentimita 1 hadi 2 chini ya kitovu cha shabaha. Kisha nenda mita 100 na urekebishe hadi igonge kitovuni. Darubini nyingi huhama karibu milimita 7 kwa mlio mmoja wa kitufe kwa umbali huo, nyingine sentimita 1. Imeandikwa kwenye kitufe chenyewe. Piga tatu tatu, acha mtutu upoe. Zikikaa ndani ya sentimita 5 umemaliza.

Ukiwa na .308 iliyolenganishwa hivyo, mita 50 itagonga pale pale, mita 150 itashuka sentimita 4 hadi 5, mita 200 kama 12. Maana yake hadi mita 150 huna hesabu ya kufanya, lenga unapotaka igonge. Hewa nyepesi ya milima yetu hubadilisha kidogo sana kwa umbali huu.

Baada ya hapo ondoka kwenye mfuko wa mchanga. Piga ukiwa umepiga goti, umeketi, umeegemea mti. Umbali ambao kwa mikao hiyo unagonga sahani ya chai kila mara, huo ndio umbali wako wa kuwinda, hata kama bunduki inaweza zaidi.

Kupiga na kufuatilia

Mnyama akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, lenga begani hapo. Usilenge kichwa: ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na ukivunja taya atakufa kwa njaa. Mwenye watoto mwache. Akiwa amebanana na wenzake ngoja ajitenge, risasi inayotokeza itampiga wa nyuma.

Ukishapiga, koki tena mara moja, tazama alikokimbilia, kaa kimya nusu saa. Kisha nenda pale aliposimama. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, yuko karibu. Damu nyeusi ni ini. Ukiona uchafu wa kijani ni tumbo. Ngoja saa mbili au zaidi kabla ya kumfuata. Nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka na kushambulia, na meno yake ya chini hukata mshipa wa paja. Nenda na mtu mmoja nyuma yako, usiingie kwenye kichaka ambacho huwezi kuona hatua tano mbele, na umkaribie kutoka mgongoni. Ukidondoka au mtutu ukigusa udongo, toa risasi zote na uangalie ndani ya mtutu kabla ya kupiga tena. Donge la matope hupasua chuma.

Jioni hiyohiyo kausha raifo, pitisha kitambaa chenye mafuta, ifungie kwenye kabati la chuma, risasi kando. Usiiingize ghafla karibu na jiko ikitoka kwenye baridi ya Njombe. Unyevu utageuka matone ya maji ndani ya bolti na kesho utakuta kutu.

Nyama, na nguruwe wa jirani

Mkoa wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ni nchi ya wafugaji wa nguruwe, na hapa mwindaji anaweza kumfilisi jirani bila kujua. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua wenyewe. Nguruwe wa kufugwa akivipata mara nyingi hufa, na hakuna tiba. Binadamu haambukizwi, lakini viatu vyake, kisu chake na ndoo yake vinabeba. Chunia porini, zika utumbo na ngozi kwa kina mbwa wasifukue, osha vifaa kwa sabuni na dawa ya kuulia vijidudu, badili viatu kabla ya kupita karibu na banda lolote. Mabaki ya jikoni yasimwagwe kwa nguruwe wa kufugwa.

Mwite mkaguzi wa nyama. Vaa glovu unapochuna, na pika hadi katikati pasibaki rangi ya waridi, kwa kuwa nyama hii inaweza kuwa na minyoo ya misuli ambayo haionekani kwa macho, na barafu ya friji si uhakika wa kuiua. Kitimoto ya kuchoma juujuu haifai kwa nyama ya porini. Ichemshe kwanza, ndipo uipeleke kwenye moto. Leseni ya kuwinda na karatasi ya mkaguzi ziambatane na nyama hadi kipande cha mwisho kiishe.